Banjo ya Mgeni na Gitaa la Kopo

Ukifika nyumbani kwangu hapa Bariadi jioni, jua likiwa limepoa, utanikuta nimeketi kwenye kigoda chini ya mwarobaini, nimepakata banjo, nikirudia mapigo matatu yale yale kwa muda wa nusu saa nzima. Wajukuu wangu wamekwisha kuzoea. Siku za mwanzo walisimama mbele yangu kwa heshima, wakisubiri. Mdogo wao alichoka, akauliza, "Babu, wimbo wenyewe unaanza lini?" Nikamjibu kwamba wimbo utaanza mkono utakapokubali.

Nina umri wa miaka 73. Kwa miaka 40 nilisimama upande wa ubao. Sasa nimekaa upande wa dawati, na dawati ni gumu kuliko nilivyolikumbuka. Wahenga walisema elimu haina mwisho, nami nimewahi kuwahubiria wanafunzi wengi methali hiyo, bila kufikiri kwamba siku moja itanidai mimi mwenyewe. Naandika habari hii si kwa sababu nimekuwa mpigaji hodari. La hasha. Naandika kwa sababu katika kujifunza chombo hiki nimekutana na historia ndefu ya watu wengine, na ndani yake nikaliona deni langu mwenyewe.

Mwaka 1993 nilikuwa mkuu wa shule moja ya sekondari katika Wilaya ya Bariadi, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kwa maana Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Shule ilikuwa na upungufu mkubwa wa walimu wa hesabu na sayansi. Mwaka huo tukaletewa mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, kijana mrefu, mpole, ambaye aliwahi kujifunza salamu za Kisukuma kabla hajajua njia ya kwenda sokoni. Katika mizigo yake alikuwa na sanduku jeusi lenye umbo la kikaango kikubwa. Ndani yake mlikuwa na banjo.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, banjo ni chombo kilicho nusu ngoma na nusu gitaa. Tumbo lake ni duara la mbao lililowambwa ngozi kama ngoma. Shingo yake ni ndefu kama ya gitaa, na vyuma vidogo vinaikatiza ili kumwonyesha mpigaji pa kubonyeza. Ya mgeni wetu ilikuwa na nyuzi tano. Nne zinakwenda hadi mwisho wa shingo. Ya tano ni fupi. Inaanzia katikati ya shingo, ubavuni, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na kidole gumba. Waliosoma noti za do-re-mi wataelewa nikisema kwamba nyuzi nne ndefu hulia so, do, mi, so, na ule mfupi hulia do ya juu. Mpigaji haubonyezi ule mfupi mara kwa mara. Anauacha ulie sauti yake ile ile moja, kama mtu anayeitikia "naam" kila baada ya neno.

Jioni yule mwalimu aliketi barazani akapiga, na wanafunzi wakajaa. Siku ya kufunga shule mwaka 1994 nilimwomba apige mbele ya wazazi na mgeni rasmi. Nilimtambulisha mwenyewe. Nilisema, nakumbuka, kwamba tunabahatika kupata nafasi ya kuonja utamaduni wa mataifa mengine. Watu walipiga makofi sana, nami nikapiga makofi kuliko wote.

Mwaka huo huo, miezi michache kabla ya siku hiyo, nilifanya jambo jingine, ambalo nitalieleza mahali pake.

Alipoondoka mwishoni mwa mwaka 1995, yule mwalimu aliniachia banjo yake kama zawadi ya kuagana. Nikaiweka juu ya kabati. Nilihama nayo mara tatu, kila mara juu ya kabati nyingine. Nilistaafu mwaka 2012, nayo bado imelala. Ingelala hadi leo kama mjukuu wangu wa kike, aliyerudi likizo kutoka chuoni, asingenionyesha kwenye simu yake sehemu ya filamu moja. Ndani yake mpiga banjo wa Marekani, Béla Fleck, anazunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akipiga na wenyeji. Safari hiyo aliifanya mwaka 2005, na filamu ilitoka mwaka 2008. Jina lake, likifasiriwa, ni agizo la kubwaga moyo, nalo limetokana na mji wetu wa Bagamoyo. Hapa Tanzania alipiga pamoja na Anania Ngoliga, mwanamuziki asiyeona, mwenye sauti na vidole vya ajabu, na John Kitime, ambaye wapenzi wa dansi wanamfahamu vizuri. Katika filamu hiyo Fleck anaeleza kwamba anakirudisha chombo hiki katika bara lililokizaa.

Nilishtuka. Mimi, mwalimu wa historia, nilikuwa nimekaa na chombo hicho miaka 28 nikidhani ni cha Wazungu. Nikapanda kwenye kiti, nikaishusha. Panya walikuwa wameitoboa ngozi, na nyuzi zilikuwa na kutu. Lakini kabla ya kutafuta fundi nilifanya kile ninachokijua: nilitafuta habari zake.

Wanahistoria wamekubaliana kwamba banjo ilizaliwa upande wa pili wa Bahari ya Atlantiki, katika visiwa vya Karibi na Amerika ya Kaskazini, mikononi mwa Waafrika waliopelekwa utumwani. Hawakubeba vyombo, walibeba ujuzi. Hans Sloane, tabibu mzaliwa wa Ireland aliyefika Jamaika mwaka 1687, alieleza vyombo vya kibuyu na nyuzi walivyopiga watumwa, na michoro yake ikachapishwa katika kitabu mwaka 1707. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Marekani na ambaye mwenyewe alimiliki watumwa, aliandika katika miaka ya 1780 kwamba chombo hicho kilitoka Afrika. Ipo pia picha iliyochorwa South Carolina mwishoni mwa karne ya 18, inayowaonyesha watumwa wakicheza, na mmoja wao amepakata banjo ya kibuyu. Ukiitazama vizuri utauona uzi mmoja mfupi wa kidole gumba. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu baadaye ilisimuliwa sana kwamba uzi mfupi ulibuniwa na Mzungu wa Virginia, Joel Sweeney, ambaye alizaliwa mwaka 1810. Picha ni ya kale kuliko mtu.

Mizizi yake inatafutwa Afrika ya Magharibi. Miongoni mwa Wajola wa Senegal, Gambia na Guinea-Bissau kipo chombo kiitwacho akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi ya mbuzi, mpini mrefu, na nyuzi tatu, mmoja wao mfupi. Mtafiti Mgambia, Daniel Jatta, ambaye baba yake alikipiga, alitumia miaka mingi kukichunguza, na mwaka 2000 alikipeleka Marekani kuwaonyesha wakusanyaji na watafiti wa banjo. Kilichowashangaza zaidi ni mkono. Mpigaji wa akonting hushusha ukucha wa kidole cha shahada juu ya uzi, kisha kidole gumba hujibu kwenye uzi mfupi. Ndivyo ilivyopigwa banjo ya kale ya Marekani, na ndivyo ilivyoelezwa katika kitabu cha mafunzo cha Thomas Briggs cha mwaka 1855.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba banjo ilitoka Bariadi. Watumwa waliopitishwa Bagamoyo walikwenda hasa Unguja, Arabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi, na chombo hiki kilizaliwa na watu wa upande mwingine wa bara. Historia haitendewi haki kwa kuongezewa chumvi. Lakini sisi nasi tunao ndugu zake. Wasukuma na Wanyamwezi wana ndono, upinde wenye kibuyu ambao uzi wake hugongwa kwa kijiti. Wagogo wana zeze, ambalo Hukwe Zawose alilitembeza duniani hadi alipofariki mwaka 2003. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya kazi zake Afrika Kusini, alipita Tanganyika na mashine za kurekodi na akavikuta vyombo vya namna hii katika sehemu nyingi. Alivikuta hai, vikipigwa na watu wa kawaida.

Sasa nieleze ule upigaji wenyewe, kwa maana ndio unaonitoa jasho. Wamarekani wanauita klohama, kwa jina la nyundo ya seremala yenye makucha ya kung'olea misumari, kwa kuwa mkono wa mpigaji hukunjwa kama kucha. Si mtindo wa Fleck. Yeye hutumia vidole vitatu vinavyochomoa nyuzi upesi upesi, mtindo ulioenezwa na Earl Scruggs kuanzia mwaka 1945. Klohama ni mtindo wa kale zaidi, na mapigo yake ya msingi ni matatu tu.

La kwanza, unashusha ukucha wa kidole cha shahada au cha kati juu ya uzi mmoja. La pili, unashusha tena ukucha huo huo, safari hii ukizipitia nyuzi kadhaa kwa pamoja. La tatu, kidole gumba kinauachia uzi mfupi. Hesabu yake ni "moja, mbili-na; moja, mbili-na." Pigo la kwanza lina nafasi yake kamili, la pili na la tatu zinagawana nafasi moja. Siri ni kwamba kidole gumba hakiji mbio wakati wa zamu yake. Kila mkono unaposhuka, kidole gumba kinashuka nao na kutua juu ya uzi mfupi, kikae tayari. Zamu ikifika, kazi yake ni kuondoka tu.

Ukisoma maelezo hayo utasema ni rahisi. Nami nilisema hivyo hivyo. Katika Chuo cha Ualimu Butimba, nilikosomea mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulifundishwa kumtoa mwanafunzi kwenye lijulikanalo kwenda kwenye lisilojulikana, na kwenye rahisi kwenda kwenye gumu. Nilidhani nitajifundisha mwenyewe kwa kanuni hizo. Nikamtafuta fundi wa ngozi ili nianze.

Majirani walinielekeza kwa fundi baiskeli mmoja kwenye senta iliyo upande wa Itilima, anayetengeneza pia mazeze na kuwamba ngoma za vikundi vya uchezaji. Nilipanda bodaboda, nimekumbatia lile sanduku jeusi. Nikamkuta ameinama juu ya gurudumu, mtu wa makamo, ndevu zimeanza mvi. Akainuka, akafuta mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo, baba?"

"Sijambo. Hunikumbuki, Mwalimu."

Nilikiri kwamba simkumbuki. Wanafunzi walionipitia ni wengi. Akatabasamu, akasema, "Mimi ndiye uliyenivunjia gitaa." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja jina lake.

Hapo ndipo mahali pa kueleza lile jambo la mwaka 1994. Kulikuwa na kijana wa kidato cha pili aliyetengeneza gitaa kwa kopo la mafuta ya kula la lita tano, ubao wa sanduku la sabuni, na nyaya alizozifumua kutoka waya wa breki ya baiskeli. Magitaa ya namna hiyo yalikuwa mengi vijijini. Vijana wachungaji waliyapiga machungani. Usiku mmoja, wakati wa kujisomea, nilisikia mlio nyuma ya bweni. Nikamkuta. Asubuhi nikamwita mbele ya wanafunzi wote mstarini. Nililiinua lile kopo juu, nikauliza kama wazazi wake waliuza pamba ili aje kupiga makopo. Shule nzima ilicheka. Kisha nikaliweka chini, nikalikanyaga.

Sikumchapa. Wakati ule nilijiona nimekuwa mpole.

Msomaji, fikiri jinsi hali ilivyokuwa. Mimi ni mtoto wa kizazi kilicholelewa katika Elimu ya Kujitegemea. Nilijua kwamba mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, na kwamba alieleza wazi jinsi ukoloni ulivyotufanya tuzionee haya ngoma zetu. Nilifundisha hayo darasani, na nilitungia maswali ya mtihani. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilikuwa kimekwisha kuanzishwa tangu mwaka 1981 kuvikuza vitu vya namna hii. Shuleni kwangu tulikuwa na kikundi cha bugobogobo, na wageni rasmi walikifurahia. Lakini utamaduni kwangu ulikuwa kitu cha kumpokelea mgeni, chenye ratiba na sare. Uliponijia usiku, ndani ya kopo, mikononi mwa mtoto aliyeutengeneza mwenyewe bila kuagizwa, sikuutambua. Na miezi michache baadaye nikasimama mbele ya wazazi kumpigia makofi mgeni mwenye chombo cha aina ile ile, kwa sababu chake kilikuwa na sanduku.

Fundi alichukua banjo, akaigeuza, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Akalowesha ngozi ya mbuzi, akaiwamba kwenye pete ya chuma, akakaza skrubu moja moja akizunguka, kidogo kidogo, ili upande mmoja usivute kuliko mwingine. Akaniambia niache ikauke siku tatu. Nyuzi za gitaa tulizoagiza Mwanza zilikuwa na vifundo mwishoni. Akavikata na kusokota vitanzi ili zikae. Alifanya yote hayo bila kuwahi kuishika banjo kabla ya siku ile.

Siku ya nne nilirudi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, kwa Kisukuma, maana nilihisi kwamba kwa Kiswahili yangekuwa hotuba. Nilimwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa kimya akichezea spana.

"Mwalimu," alisema, "shule niliacha kwa sababu ya karo. Fedha za pamba zilichelewa, baba akauza ng'ombe wawili, hazikutosha. Hilo si lako, usilibebe." Akanyamaza tena. "Lakini siku ile mstarini, wenzangu walipocheka, na mimi nilicheka. Nilicheka chombo changu mwenyewe. Hicho ndicho sijakisahau."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sinalo. Nililipa fedha yake yote. Alitaja bei ya haki, wala hakunipunguzia, nami nilifurahi kwamba hakunipunguzia.

Usiku ule nilirudia kusoma habari za banjo, na sehemu moja niliyoipita haraka ikanisimamisha. Mwaka 1843, mjini New York, kundi la wanamuziki Wazungu lilipanda jukwaani likiwa limejipaka masizi usoni, likipiga banjo na kuwaigiza watu weusi kama wapumbavu. Michezo hiyo ilipendwa mno, ikaenea Marekani na Uingereza kwa miaka mingi. Banjo ikawa maarufu, lakini kwa njia ya kicheko. Kadiri vizazi vilivyopita, Wamarekani weusi wengi waliiacha. Zipo sababu nyingine, kama kuja kwa gitaa na muziki mpya wa mijini. Lakini nani atapenda kupakata chombo ambacho dunia imefundishwa kukicheka kila kikiwa mikononi mwake? Ikabaki milimani kwa Wazungu maskini, na watoto wa waliokizaa wakakua wakidhani si chao.

Niliposoma hayo mara ya kwanza niliyaona ni makosa ya watu wa mbali. Mara ya pili niliona uwanja wangu wa shule, mstari wa asubuhi, na kopo limeinuliwa juu. Kuvunja chombo ni hasara, lakini kopo jingine hupatikana. Kumfundisha mtu acheke kilicho chake ni hasara ya namna nyingine, kwa sababu baada ya hapo huhitajiki tena kumkataza. Atajikataza mwenyewe, na atawakataza wanawe.

Hata hivyo, habari ile haikuishia pabaya. Mwaka 2005, katika mji wa Boone, North Carolina, ulifanyika mkutano wa wapiga banjo weusi. Vijana watatu waliokutana pale walianza kwenda nyumbani kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla mweusi aliyezaliwa mwaka 1918, mmoja wa wachache waliobaki na muziki ule wa kale. Waliketi naye wakajifunza kwa kusikiliza na kufuatisha. Mmoja wao, Rhiannon Giddens, leo anajulikana pande nyingi za dunia. Mzee Thompson alifariki mwaka 2012, akiwa amekwisha kuukabidhi mzigo wake.

Kwao vijana walikwenda kwa mzee. Kwangu mimi imekuwa kinyume: mzee amekwenda kwa kijana wake. Kila Jumamosi napanda bodaboda hadi ile senta. Mwezi wa kwanza sikumwambia kwamba nashindwa; nilisema napeleka banjo ikazwe ngozi. Jumamosi moja akaniambia, "Hebu piga nisikie." Nikapiga. Kidole changu kilikuwa kikichokoa uzi kwenda juu, kama nilivyowaona wapiga gitaa wakifanya, na kidole gumba kilikuja kimechelewa, kimekakamaa. Akaniangalia kama nilivyowaangalia wanafunzi wangu maelfu.

"Mwalimu, unalima kwa vidole," akasema. "Jembe haliendi hivyo. Inua mkono, uache uanguke."

Hapo nikaelewa. Kila mtu aliyekulia Ntuzu amelima. Jembe husukumwi nalo. Unaliinua, kisha uzito wake ndio unaofanya kazi, na kifundo cha mkono kinalielekeza tu. Vijana wa bugobogobo wanajua hilo, ndiyo maana wanaweza kucheza na majembe siku nzima bila kuchoka. Ukucha nao ni hivyo hivyo. Vidole havichezi, vinabaki vimekunjwa, na mkono wote unashuka kutoka kwenye kifundo. Ukucha unagota, kidole gumba kinatua, mkono unainuka, na katika kuinuka huko uzi mfupi unalia wenyewe. Moja, mbili-na. Nilikuwa nimetafuta lijulikanalo kwenye vitabu vya Butimba, kumbe lilikuwa shambani.

Toka siku hiyo nimesonga mbele kidogo. Naweza kushika mwendo kwa dakika kumi bila kukatika. Nimeanza kazi ya mkono wa kushoto: kuugonga uzi kwa kidole baada ya mkono wa kulia kuupiga, ili upate sauti ya pili bila pigo jipya. Ukucha wangu huvunjika kila msimu wa palizi, nami hulazimika kusubiri uote. Kwa anayetaka kuanza, nina ushauri mmoja tu: piga polepole hadi uone aibu, kisha punguza tena. Haraka ndiyo inayokivuta kidole gumba nje ya zamu yake.

Yule fundi naye ameipenda banjo. Akinipokea huishika kwanza yeye, akapiga kwa mtindo wake, wimbo wa uchezaji wa Bagika ambao baba yake aliuimba kiangazi baada ya pamba kuvunwa. Vidole vyake vimejaa alama za grisi na vinakwenda mahali ambapo vyangu havitafika. Mara nyingine namtazama, na swali linanijia kuhusu miaka ile yote ambayo hakupiga. Aliniambia kwamba hakushika chombo tena hadi alipokuwa na watoto wawili. Sikumwomba radhi mara ya pili, naye hajaniambia kwamba yamekwisha. Tunazungumza habari za ngozi, mvua na bei ya pamba.

Jumapili iliyopita, mjukuu wangu yule mdogo, aliyeniuliza wimbo unaanza lini, alikuja uani akiburuta kopo tupu la mafuta na kipande cha ubao. Alikuwa amekwisha kupata waya mahali fulani, sikuuliza wapi. Akaniuliza kama ninao misumari.

Nikaiegemeza banjo kwenye mwarobaini, nikaingia ndani kumtafutia.